Maneno Yaleyale kwa Kila Tumbo

Watu wa Ukunda walimjua kwa sauti kabla ya sura. Ukilazwa kwenye kitanda cha mashine ya skani unatazama dari, naye yuko upande wa pili wa kioo, kwa hiyo unachopata kwake ni maneno tu yanayotoka kwenye kipaza: vuta pumzi, izuie, usitikisike, haya, pumua. Siku moja nilisimama naye sokoni akichagua nyanya, na mwanamke aliyekuwa ametupa mgongo akageuka kwa ghafla.

"Ni wewe!" alisema. "Wewe ndiye uliyenizuia pumzi!"

Mzee wa Skani, ndivyo tulivyomwita, aliinamisha kichwa kama mtu aliyefumaniwa, akaweka nyanya zake mfukoni, tukaondoka.

"Umemkumbuka?" nilimwuliza.

"Uso wake? Hapana."

Nilielewa. Sura hakuikumbuka. Ini lake alilikumbuka.

Nilifanya kazi naye miaka minne katika hospitali moja upande wa kusini wa Diani. Sijui alizaliwa wapi wala ukoo wake ulitoka wapi, na sikuwahi kuona umuhimu wa kuuliza. Mimi nilikuja pale nikiwa nimetoka chuo kikuu Nairobi na ugonjwa wa kuuliza "nani kasema?" kwa kila nilichoambiwa, na kwake niliyaona mengi ya kuuliza. Leo limebaki moja. Mzee huyu alikuwa na rafiki mmoja tu duniani, na siku alipoona ndani ya tumbo la rafiki huyo jambo ambalo mwenyewe hajalijua, alinyamaza. Nimekuwa nikizunguka na swali hilo muda mrefu: alikosea au hakukosea? Ninaandika haya kwa sababu bado sijaridhika na jibu langu.

Chumba cha skani kina baridi, kwa sababu mashine haipendi joto. Yeye alivaa sweta la buluu lililotoboka kiwiko, mchana kutwa, katika mji ambao watu wake hujipepea kwa magazeti. Alitoka nalo hata saa ya chakula, akaketi nalo juani bila kulivua, na vijana wa pikipiki wakamtania: "Mzee, umetoka Ulaya lini?" Alikuwa akijibu, "Nimetoka chumba cha pili." Mkewe alikuwa amefariki kabla sijafika. Wanawe walikuwa Mombasa na kwingineko, na walipiga simu Ijumaa. Siku nyingine zote simu yake ilikaa mezani imelala kifudifudi, na sikumbuki kuisikia ikilia.

Jambo la kwanza lililonishangaza lilikuwa maji. Mgonjwa wa tumbo anatakiwa anywe jagi zima la maji kabla ya skani, mara nyingine yakiwa na dawa ndani yake, ili utumbo ujae na uonekane wazi. Utumbo mtupu hujikunja, na ukijikunja unaweza kufanana na uvimbe. Kazi ya kunywa ni ngumu kuliko mtu anavyodhani. Mtu ana maumivu, hajala tangu jana, halafu unampa lita nzima ya maji yenye ladha ya chuma. Wengi walidanganya. Nilisimuliwa kwamba kabla sijafika kulikuwa na mti wa maua ndani ya ndoo kwenye korido yetu, na ulistawi kuliko mti wowote wa hospitali ile, mpaka Mzee wa Skani alipouchunguza udongo wake akautazama mti kwa huruma.

"Huyu ndiye mgonjwa wetu anayekunywa vizuri," alisema.

Tangu siku ile hakumwachia mgonjwa jagi akaenda zake. Alikaa naye kwenye benchi na kikombe chake mwenyewe, wakanywa pamoja, kikombe kwa kikombe, kwa saa nzima. Kwa siku yenye wagonjwa sita wa tumbo alikunywa maji kama ng'ombe. Nilimwona akikimbilia msalani mara nyingi nikacheka, naye hakukasirika. Mwezi wa Ramadhani, mgonjwa mwenye ruhusa ya kufungua alikunywa, na yeye aliyekuwa amefunga aliinua kikombe kitupu mpaka mdomoni, akakishusha, akakiinua tena.

"Sasa hiyo si maigizo?" nilimwuliza.

"Ni maigizo."

"Yanasaidia nini?"

"Yeye amemaliza jagi," alisema, akanionyesha.

Nilitafuta kosa katika jibu lile na sikulipata, jambo ambalo liliniudhi.

Tulipogombana ilikuwa juu ya mionzi. Karatasi ya daktari ilikuja mara nyingi imeandikwa kwa haraka: skani ya tumbo, awamu zote. Maana yake ni kumpitisha mtu kwenye mashine mara nne: kabla ya sindano ya dawa inayong'arisha picha, dawa ikiwa kwenye mishipa mikubwa, dawa ikishafika kwenye ini, na dawa ikianza kutoka kwa njia ya figo. Kila mpito ni mionzi mingine mwilini. Mimi nilikuwa nafuata karatasi. Yeye alishika simu.

"Daktari, habari za kazi? Mgonjwa wako ninaye hapa. Unatafuta nini?"

Nilikuwa naisikia sauti ya daktari ikitoka kwenye simu, "Natafuta tatizo, mzee."

"Tatizo lipi? Tumboni mna nyumba nyingi. Nianze kubisha ipi?"

Madaktari vijana walimchukia kwa simu hizo. Lakini walilazimika kufikiri. Kama ni mawe ya figo, hakumchoma mtu sindano kabisa, akatumia mionzi kidogo, kwa sababu jiwe linajionyesha lenyewe. Kama ni maumivu yasiyojulikana, alimpitisha mara moja tu, sekunde kama sabini baada ya sindano, ini likishang'aa. Kama ni ini lenyewe linaloshukiwa, aliongeza mpito mmoja wa mapema. Zaidi ya hapo ulitakiwa kumshawishi, na hakuwa mtu wa kushawishika.

Aliamini pia kwamba mtu lazima awe katikati kabisa ya duara la mashine. Alichuchumaa kando ya kitanda, akakipandisha kidogo, akakishusha kidogo, jicho lake likiwa sawa na mbavu za mgonjwa, kama seremala anayekagua ubao. Nilimwambia mashine inajirekebisha yenyewe. Alisema mashine hujirekebisha kwa mtu inayemwona, na mtu aliyelala chini mno inamwona mdogo kuliko alivyo. Nilikwenda kusoma. Alikuwa sahihi.

Mara moja hakuwa sahihi. Alikuwa akipunguza mionzi kwa kukadiria mwili wa mtu kwa macho, nami sikuamini macho ya mtu yeyote. Nilikusanya picha zake za mwezi mzima nikapima chenga ndani ya maini yaliyopigwa, chenga zilezile unazoziona kwenye televisheni yenye antena mbovu. Kwa watu wembamba picha zake zilikuwa safi na mionzi ilikuwa nusu ya yangu. Kwa watu wenye miili mikubwa zilijaa chenga, kiasi kwamba kitu kidogo kingeweza kujificha humo.

"Umebania," nilimwambia nikimwekea karatasi mezani. "Kwa hawa umebania mpaka picha haina faida. Mionzi wameila, na jibu hawakupata."

Alizisoma karatasi zote. Akazikunja. Kwa siku tatu hakunisemesha. Alinipitishia funguo bila neno, alinionyesha mgonjwa kwa kidevu. Siku ya nne nilikuta vipimo vya mashine vimebadilishwa, na nikamsikia akiwaambia wanafunzi wa mazoezi, "Wenye mwili mkubwa, fuateni jedwali la yule binti." Mimi mwenyewe hakuniambia kitu. Ndivyo alivyokuwa. Akikosea alinyamaza, na ukimya wake ulikuwa mzito kiasi kwamba ulijikuta ukitamani kumwomba radhi wewe uliyemsahihisha.

Sasa nifike kwenye maneno yenyewe.

Anayepiga skani ndiye mtu wa kwanza kuona. Picha zetu zilitumwa Mombasa kwa daktari wa kusoma picha, na majibu yalirudi baada ya siku mbili, tatu, mtandao ukilegea hata tano. Siku hizo zote sisi tulikuwa tumeshaona, na hatukuwa na ruhusa ya kusema. Watu wanalijua hilo. Wanashuka kitandani wakitazama uso wako. Kabla sijafika, Mzee wa Skani aliwahi kumshika bega mgonjwa mmoja alipokuwa akimsindikiza mlangoni, na mgonjwa yule alikufa mwezi uleule. Basi ikaenea kutoka Ukunda mpaka Shimoni: yule mzee akikushika bega, nenda kaandike wasia. Watu wakaanza kutoka chumbani wakikwepa mikono yake.

Akaamua kwamba kila mtu atapata kitu kimoja. Alimshusha kila mtu kitandani kwa namna moja, akamsindikiza mpaka mlango uleule, akamwambia maneno yaleyale kwa sauti ileile: "Tumemaliza salama. Daktari atasoma picha. Usikose kuja kuchukua majibu." Mwenye jiwe la figo na mwenye ini lililojaa uvimbe, wote hayo. Niliyasikia mara nyingi sana hata nikawa nayaota. Nilimwambia yamekuwa kama tangazo la feri, hakuna anayeyasikia tena. Aliniambia hiyo ndiyo nia.

Kwa sababu hiyohiyo hakwenda arusini wala matangani. Watu walimtazama usoni wakitafuta habari za jamaa zao. Alikula peke yake, akaswali safu ya nyuma, akatoka wa kwanza. Kuyajua matumbo ya watu wa wilaya nzima kulimwachia mahali pachache pa kukaa.

Nilimwuliza siku moja mchana, umeme umekatika na tumekaa kwenye chumba cha kioo tukingoja jenereta: "Kwani ukimwambia mtu ukweli kuna dhambi gani? Ni tumbo lake."

Aligeuza kiti akatazama mashine iliyozimika. Nilidhani ndiyo zile siku tatu zimeanza tena. Kisha akaniambia habari ya mama mmoja wa Msambweni, mashine ikiwa bado mpya na yeye bado ana ulimi. Mama alimsihi sana. Aliona kwenye picha kitu cha mviringo karibu na kongosho, kikubwa kama limau, akamwambia, "Mama, kuna kitu pale." Ni maneno hayo tu. Mama akaenda nyumbani. Akawagawia dada zake kanga zake. Mtoto wake wa mwisho, wa miaka miwili, akampeleka Wasini akalelewe na shangazi yake, asije akamzoea mama wa kufa. Hakurudi kuchukua majibu, kwa sababu alishayapata. Miezi mingi baadaye alirudi kwa jambo jingine, akapigwa tena, na safari hii alikuwa amekunywa maji yake yote. Limau halikuwepo. Ulikuwa ni mkunjo wa utumbo mtupu.

"Akafurahi," nilisema.

"Akaenda Wasini kumchukua mtoto. Mtoto akamkimbilia shangazi, akamwita mama. Alimlilia shangazi siku nne, mama akamrudisha." Jenereta likaunguruma, taa zikawaka, naye akasimama kuiwasha mashine. "Hapo ndipo nilipouchunguza udongo wa ule mti, nikaanza kunywa maji na watu."

Rafiki yake alikuwa fundi wa viyoyozi. Ndiye aliyetunza baridi ya chumba chetu, na kama si yeye mashine ingekufa mara kumi. Alikuwa mtu mnene, mwenye kicheko cha kujaza korido, mkaaji wa Msambweni, anayefika na pikipiki yenye kisanduku cha spana nyuma. Ni yeye peke yake aliyethubutu kumtania Mzee wa Skani. Saa saba mchana walikaa nyuma ya jengo la jenereta na viazi vya karai, wakabishana.

"Wewe unatazama matumbo ya watu unajiona profesa," Fundi alikuwa akisema. "Mimi nafungua tumbo la mashine, natoa panya, nafunga, na inapona."

"Panya uliyemtoa mwaka jana alikuwa amekula waya ulioufunga wewe."

"Alikuwa panya wa kutoka bara. Wa kwetu hawali waya."

Ilikuwa saa moja tu kwa siku, na siku ambazo viyoyozi vilikuwa vizima Fundi alikuja hata hivyo. Nadhani ndiyo saa pekee ambayo Mzee alitazamwa usoni na mtu asiyetafuta kitu.

Fundi alianza kukonda. Akawa anaacha viazi. Zahanati moja ikampa karatasi ya skani ya tumbo, akaja nayo akiipunga kama tiketi. Wakakaa kwenye benchi wakanywa maji, kikombe kwa kikombe, na Fundi hakuacha mzaha.

"Sikiliza, bwana wee. Ukinishika bega, nakushtaki. Nitakufa kwa bega lako, si kwa tumbo."

"Kunywa."

Mimi ndiye niliyechoma sindano. Mzee alimweka katikati ya duara, akachuchumaa, akampandisha, akamshusha. Akarudi chumba cha kioo. Vuta pumzi. Izuie. Picha zikaanza kushuka kwenye skrini, safi kuliko zote nilizowahi kuziona kwake, na kwenye utumbo mpana, upande wa kulia, ukuta ulikuwa umenenepa na kuziba njia. Hapakuwa na mkunjo mtupu wa kusingizia. Maji yalikuwa yamejaa kila mahali, isipokuwa pale.

Nilimtazama. Alikuwa anatazama skrini. "Haya, pumua," aliliambia lile tumbo, amechelewa kidogo. Kisha akaingia ndani, akamshusha Fundi kama alivyomshusha kila mtu, akamsindikiza mpaka mlangoni.

"Tumemaliza salama. Daktari atasoma picha. Usikose kuja kuchukua majibu."

Fundi alicheka kwa sauti. "Alhamdulillahi! Nimepewa ya kila mtu." Akapanda pikipiki yake akaondoka.

Majibu yalirudi siku ya nne yakisema tulichokiona. Yakatiwa kwenye bahasha na kuwekwa kwenye rafu ya kumbukumbu, kungoja mwenyewe. Mwenyewe hakuja. Alikuwa amepata majibu yake mlangoni: mtu anayemjua kuliko wote amemwambia maneno ya kila mtu, basi yeye ni mzima. Maumivu akayatafutia dawa ya gesi dukani. Na Mzee wa Skani, aliyejua kwamba akikutana naye uso kwa uso mara moja tu siri itatoka, alihamisha saa yake ya chakula. Fundi alipokuja saa saba alimkosa. Akaja siku nyingine akamkosa. Akaacha kuja.

Kila asubuhi Mzee alipita kwenye chumba cha kumbukumbu kabla ya kuvaa sweta. Alitazama rafu. Bahasha ilikuwa palepale.

"Mpigie simu," nilimwambia wiki ya tatu.

"Akisikia sauti yangu atajua kabla sijasema."

"Si ndiyo tunachotaka, ajue?"

"Si kazi yangu kumwambia. Kazi yake ni kuja."

"Nani kasema?"

Akaita mgonjwa anayefuata. Na hapa lazima niseme jambo ambalo nimeliruka kila ninapowasimulia watu kisa hiki: mimi pia nilikuwa na namba ya Fundi. Ilikuwa imebandikwa ukutani kwa ajili ya dharura za kiyoyozi. Nilikuwa na hoja zote, nilizipanga vizuri, nilizitoa kila siku chumbani mle, na sikupiga simu. Nilitaka kumshinda yeye kwanza.

Zilipita wiki kumi na moja. Kiyoyozi kikafa, ikabidi Fundi aitwe, akaja amevaa suruali iliyofungwa kwa kamba. Alikuwa juu ya ngazi koridoni karani wa kumbukumbu alipopita akamwambia bila kuwaza, "Fundi, bahasha yako inakusanya vumbi kule ndani." Akaletewa. Akaifungua palepale juu, spana kwapani. Alisoma, akarudia kusoma, akashuka ngazi moja moja. Kisha akatazama kwenye kioo chetu. Kutoka koridoni haonekani mtu nyuma ya kioo kile, lakini alijua yuko pale. Mzee wa Skani alisimama akimtazama mpaka Fundi alipookota vifaa vyake akaondoka, kiyoyozi kikiwa wazi.

Fundi alipasuliwa Mombasa. Walitoa walichoweza, na daktari mpasuaji hakumficha kwamba angekuja mapema mambo yangekuwa mepesi. Miezi miwili baadaye Mzee alistaafu. Tulimnunulia soda na keki. Alipotakiwa aseme chochote alisema, "Maji msiwaachie wanywe peke yao," akaketi.

Nilikabidhiwa chumba. Nikafanya mabadiliko niliyokuwa nayataka, mengine nikayarudisha kimyakimya kama alivyoyaacha. Na Jumamosi moja nilikwenda Msambweni na karatasi ndani ya mkoba. Nilikuwa nimesikia kwamba Mzee amehamia huko, nyumba ya tatu kutoka kwa Fundi, na sikuelewa maana yake.

Niliwakuta wote wawili kibarazani kwa Fundi. Fundi alikuwa kwenye kiti cha kamba, amebaki nusu yake, shuka miguuni. Mzee wa Skani alikuwa ncha ya pili ya baraza, kikombe cha kahawa mkononi, bila sweta. Sikuwahi kuiona mikono yake. Ilikuwa myembamba kama ya mwanafunzi.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu, karibu," Fundi alisema. "Huyo mwingine usimsalimu. Ni fanicha."

"Hamsemezani?"

"Mimi nasema. Yeye anakuja kila siku baada ya alasiri, anakunywa kahawa yangu, magharibi anaondoka. Miezi saba sasa hajanipa hata salamu. Mke wangu ameanza kumfuta vumbi."

Nilimgeukia Fundi. "Mimi nilidhani wewe ndiye uliyemkasirikia yeye."

"Nilikasirika wiki mbili, nikaona ni kazi ya watu wenye afya. Nikamwambia nimekusamehe. Mbele ya mke wangu, wallahi."

"Mwambie sikumwomba msamaha," Mzee wa Skani alisema. Aliniambia mimi, akitazama barabara.

"Unamsikia? Mwambie nimeshautoa, haurudishwi."

"Mwambie nilimwambia kwa mdomo wangu asikose kuja. Nilimngoja wiki kumi na moja. Angekuja tu. Mguu wake ungemleta."

"Mwambie maneno hayo alimwambia hata mke wangu, aliyekwenda kupigwa skani ya goti!"

Mke wa Fundi alicheka huko ndani. Mzee hakucheka. Aliweka kikombe chini. Nikaona kwamba hasira ile yote, ya kumkasirikia mgonjwa kwa kutokuja, ndiyo kitu pekee kilichokuwa kikimwezesha kuja kukaa pale kila siku. Akiiacha, angebaki na kitu gani?

Nikamwuliza swali langu, kwa sababu sijajifunza kuacha kuuliza. "Ungerudi nyuma, ungempigia?"

"Mama wa Msambweni nilimwambia," alisema. "Huyu sikumwambia. Wote wawili nimewaharibia. Wewe mwenye digrii nitajie njia ya tatu."

Nilitoa karatasi kwenye mkoba nikampa. Ilikuwa fomu yetu ya skani, ileile ya zamani, ila chini nilikuwa nimeongeza mstari mmoja: mtu wa kukufuata usipokuja kuchukua majibu, na namba yake. Wiki ikipita bila mgonjwa kuja, karani anapiga. Hasemi kuna nini. Anasema tu, mlete.

Aliisoma kama alivyosoma zile karatasi zangu za chenga, polepole mpaka mwisho, akitafuta kosa.

"Na asiye na mtu?"

"Kila mtu ana mtu."

"Wewe usiyeamini kitu, hilo unaliamini?"

"Basi tujaribu," nilisema, nikampa kalamu. "Jaza wewe."

Nilisema kwa ubishi, na nilijuta papo hapo. Aliiweka fomu juu ya paja. Akaandika jina lake, umri, mahali anapokaa. Alipofika kwenye mstari wangu kalamu ilisimama. Nilifikiri juu ya wanawe na simu zao za Ijumaa. Kalamu ilikaa pale muda mrefu, mpaka Fundi akaacha mzaha wake na mke wa Fundi akatokeza mlangoni kuona kulikoni.

Kisha akaandika jina. Akaandika tarakimu zote za namba kwa kichwa, bila kutua, akazitazama kana kwamba hakuziamini. Akainua uso, na kwa mara ya kwanza tangu nifike alimtazama Fundi.

"Namba yako ni ileile?" alimwuliza.

Fundi alijiinua kidogo kitini.

"Ileile," alisema. "Wewe ndiye hujaipiga."